WAGENI WA KIANGAZI
Historia fupi ya watumishi wa Injili waliovuka mipaka na kuingia vijijini



Kamati ya Jamii ilipoandaa toleo hili la kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, ilituomba sisi walimu tuandike habari moja ya historia inayogusa maisha ya kambi. Tumechagua historia ya safari za utumishi wa Kikristo katika vijiji vya nchi za kigeni. Sababu yake ni rahisi. Juni ndiyo mwanzo wa kiangazi chetu. Mvua zimekatika, barabara zinapitika, na huko Ulaya na Marekani shule na vyuo vimefungwa kwa likizo ndefu. Ndiyo maana kati ya Juni na Agosti hutufikia vikundi vya vijana wa makanisa ya ng'ambo. Hukaa wiki mbili au tatu. Huja na fulana za rangi moja, magitaa, makopo ya rangi ya kupaka kuta, na mapenzi mengi.

Juu ya wageni hawa watu wa kambi wamegawanyika. Wako wasemao kwamba ni baraka, kwa kuwa mtu aliyeacha starehe yake na kuja kukaa katika vumbi letu si mtu wa kudharauliwa. Wako wasemao kwamba huja kutazama umaskini wetu, wapige picha, waondoke. Maneno haya yamesemwa hata katika mkutano wa hadhara, tena kwa ukali. Sisi tunaona kwamba kabla ya kuhukumu ni vema kujua jambo hili lilianzaje. Wengi wetu tunadhani kwamba safari za namna hii ni kazi ya Wazungu, na kwamba sisi watu wa Maziwa Makuu tuliumbwa kuwa wapokeaji. La hasha. Wazee wetu walifanya safari hizi kwa miguu, wakavuka mito na mipaka, wakala chakula cha wenyeji wao. Kati yao wako waliokosea na wako waliofaulu, na sababu zake zinajulikana.

Ndugu zetu Waislamu na wale wasiofuata dini yoyote watuvumilie kidogo. Ingawa habari ni za kanisa, swali lililomo ni la watu wote: mgeni afanye nini ili mwenyeji asibaki amepungukiwa?

1. MGANDA ALIYEVUKA SEMLIKI

Wenzetu waliotoka Ituri wanalijua jina la Boga. Ni mji mdogo juu ya vilima vya upande wa magharibi wa bonde la Semliki, karibu na ukingo wa msitu mkubwa. Huko Injili ya Kianglikana haikupelekwa na Mzungu. Ilipelekwa na watu weusi kutoka Uganda, na aliyejulikana kuliko wote ni Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, na jina lake la utotoni ni Waswa. Ujana wake ulipita katika zama mbaya, wakati Waganda walipokuwa wakipigana wao kwa wao kwa ajili ya dini na utawala, naye alishika bunduki kama vijana wengine. Mwaka 1895 alibatizwa. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa sababu ya koti la kijeshi alilolivaa pamoja na kanzu yake. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Hili ni jambo la kuchekesha kidogo, kwa maana hakuwa na kitu cha Ulaya zaidi ya koti hilo na kitabu. Mkewe alifariki mapema, naye hakuoa tena.

Alitumwa kwanza Toro, kisha mwishoni mwa mwaka 1896 akavuka kwenda Boga. Tafadhali wasomaji watulie hapa kidogo, maana hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Apolo hakuwa mwalimu wa kwanza kufika Boga. Walimu wengine kutoka Buganda walimtangulia mwaka huohuo, lakini hawakuelewana na mtemi wa Boga, Tabaro, juu ya chakula. Katika desturi ya Buganda kulima chakula ilikuwa kazi ya wanawake, na walimu walitazamia kulishwa na mwenyeji. Mtemi hakukubali. Walimu wakarudi walikotoka. Apolo alipofika alishika jembe, akalima chakula chake mwenyewe. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Apolo hakungoja siku ya tatu.

Hata hivyo jembe peke yake halikumwokoa na taabu. Wakati wa kujenga kanisa, dada yake mtemi Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa katika majani, akafa. Apolo akashitakiwa kuwa ndiye mwuaji. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro mbele ya maofisa wa Kiingereza, akatiwa gerezani. Alisimulia baadaye kwamba katika siku zile za giza alimwona Kristo aking'aa kama jua, akamtia moyo. Alipofunguliwa wangeweza kumsamehe wote kama angerudi kwao Buganda. Alivuka tena Semliki, akarudi kwa watu walewale waliomtoa amefungwa. Mtemi Tabaro, aliyemtesa, mwishowe alibatizwa akaitwa Paulo.

Mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi, na mwaka 1903 kasisi. Alitumika Toro kwa miaka mingi. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawana nchi kwa kalamu, na mapatano ya mwaka 1910 yaliiweka Boga upande wa Kongo ya Wabelgiji. Hivyo kanisa alilolianzisha likajikuta katika nchi nyingine bila kuondoka mahali pake. Wengi wetu tunaelewa vizuri jambo hilo, kwa kuwa hata ukoo mmoja unaweza kulala una nchi moja na kuamka una mbili. Apolo alirudi Boga yapata mwaka 1915, na katika miaka ya 1920 akaingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau. Alikaa nao, akajitahidi kujifunza lugha yao, na kazi ya kuitia Injili ya Marko katika lugha hiyo ikafanyika.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilitaka mtu azikwe kichwa chake kikielekea kwao. Apolo aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, yaani msituni, ambako kazi ilikuwa bado. Alikuwa hana mali ya kurithiwa. Alichoacha ni walimu. Kanisa lile liliendelea kwa sehemu kubwa kwa mikono ya makatekista wa Kiafrika, na mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi.

Leo watu wa Ituri wamevuka kwa njia iliyo kinyume na ile ya Apolo. Mwaka 2018 maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi, wakapokelewa Kyangwali. Nchi iliyomtuma mwalimu imewapokea wajukuu wa wanafunzi wake. Tunaitaja habari hii ili watoto wetu wajue kwamba njia hii haikuanza kukanyagwa na wakimbizi.

2. TIMU ZA GAHINI

Apolo alikwenda akakaa hadi kufa. Sasa tutazame safari zinazofanana zaidi na za wageni wetu wa kiangazi, yaani safari fupi za kikundi. Kwa hizo hatuna budi kwenda Gahini, mashariki mwa Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi.

Hapo palikuwa na misheni na hospitali ya Waanglikana. Daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alifika mwaka 1928. Mara ikaja njaa kubwa ya mwaka 1928 na 1929, ambayo wazee wa Rwanda waliiita Rwakayihura. Watu walikufa njiani. Daktari alichoka mwili na moyo. Mwaka 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na juu ya kilima cha Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali. Walikaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia. Daktari alirudi amebadilika. Ndugu yake mdogo Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Alikuwa mwalimu kama sisi.

Siku za mwanzo hazikuwa za amani. Wafanyakazi wa hospitali na wa misheni walikuwa na kinyongo wao kwa wao, na kinyongo juu ya Wazungu. Yosiya Kinuka, mkubwa wa wasaidizi wa hospitali, alikuwa miongoni mwa walionung'unika sana. Naye alifunga safari kwenda kumwona Nsibambi, akarudi akiungama makosa yake mwenyewe kabla ya kutaja ya wengine. Kutoka hapo moto ukawaka. Mikutano ya sala ya mwishoni mwa mwaka 1933 pale Gahini, na ule mkutano wa Kabale mwezi Septemba 1935, iliwafanya watu walie hadharani, wakiri uovu wao, warudishe vitu vya wizi na kulipa madeni ya zamani. Watu hawa wakaitwa Balokole, yaani waliookoka. Blasio Kigozi hakuishi kuyaona matunda. Alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana.

Ndipo zikaanza safari za timu. Mwaka 1937 timu ilikwenda Kabete, karibu na Nairobi. Mwaka 1938 ilikwenda Maseno, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1939 ilifika Katoke, kaskazini-magharibi mwa Tanganyika, penye chuo cha ualimu. Timu hizi zilikuwa na wauguzi, walimu, wachungaji na madaktari; Wanyarwanda, Waganda, watu wa Kigezi na Waingereza pamoja. Katika zama zile za ukoloni, Mzungu alikula mezani na Mwafrika alikula jikoni. Kuwaona watu hawa wakisafiri katika gari moja, wakila pamoja na kuitana ndugu, lilikuwa hubiri tosha kabla hawajafungua kinywa.

Walipofika mahali hawakuanza kwa kuwaambia wenyeji kwamba ninyi ni wabaya. Walianza na habari zao wenyewe: mimi niliiba dawa za hospitali, mimi nilimchukia Mzungu, na mimi Mzungu niliwadharau Waafrika niliokuja kuwahudumia. Mtu akisikia mgeni anakiri hivyo, hujiuliza maswali mwenyewe. Walipoondoka hawakuacha jengo wala ofisi. Waliacha kikundi cha wenyeji waliokutana kila juma, wakisomana mioyo na kusaidiana. Vikundi hivyo viliendelea bila mshahara, bila gari na bila mfadhili, na wimbo wa Tukutendereza Yesu ukaimbwa kutoka Kigezi hadi Dodoma.

Mwalimu mmoja wa Kigezi ni mfano mzuri. Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919. Baada ya kuokoka alikwenda Tanganyika na familia yake, akafundisha shule Dodoma hadi miaka ya 1950. Siku za kazi alifundisha. Siku zilizobaki alihubiri. Baadaye alirudi kwao, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Mwezi Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa katika utawala wa Idi Amin, Festo na mkewe walitoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Mtu aliyekwenda ugenini kutumika akawa mkimbizi. Alirudi mwaka 1979 Amin alipoanguka, akafariki mwaka 1988. Katika maisha yake alikuwa mwenyeji, mgeni na mkimbizi, na katika hali zote tatu alipata la kufanya.

Hata hivyo historia haituruhusu kusifu tu. Waliookoka mara nyingine walikuwa na majivuno, wakawahukumu wakristo wenzao kuwa wafu. Ugomvi ulifika hadi chuo cha Mukono, ambako mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa. Jambo zito zaidi ni la Rwanda yenyewe. Nchi iliyowasha moto ule ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na watu waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia. Wako wakristo waliokufa kwa kukataa kumtoa jirani yao, tuwaheshimu. Lakini wako pia waliokuwa wameimba pamoja miaka mingi na siku ile wakanyamaza, au wakafanya mabaya zaidi ya kunyamaza. Tunasema hivi bila kumnyoshea kidole mtu wa kabila lolote, maana kambi hii ina watu wa pande zote. Tunasema kwa sababu mafunzo yapo: kuungama wizi wa kuku ni kwema, lakini kama hatuzungumzi juu ya chuki inayofundishwa watoto nyumbani na dhuluma inayotendwa na wakubwa, kazi imebaki nusu. Timu inaweza kupita kijijini na kila mtu akalia machozi, na mzizi ukabaki ardhini.

3. VIJANA WA LIKIZO KUTOKA NG'AMBO

Sasa tuje kwa vijana wenyewe. Safari za likizo tunazoziona hapa zilianza kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kutoka Marekani. Usafiri ulikuwa umerahisika, vyuo vilikuwa vimejaa, na likizo ya kiangazi ya huko ni ya miezi karibu mitatu.

Mwaka 1957 mwanafunzi mmoja, George Verwer, alichukua wenzake wawili, wakapakia vitabu vya Injili vya Kihispania katika lori kuukuu, wakaenda Mexico kwa likizo. Kutoka safari hiyo lilizaliwa shirika la Operation Mobilisation. Mwaka 1960 Loren Cunningham alianzisha Youth With A Mission, akiamini kwamba kanisa halina haja ya kumngojea kijana azeeke ndipo limtume. Mwaka 1964 vijana zaidi ya 100 wa shirika hilo walikwenda kutumika kiangazi katika visiwa vya Bahamas na Jamhuri ya Dominika. Kabla ya hapo mmishonari alikuwa mtu aliyeaga kwao kwa miaka mingi, mara nyingine kwa maisha yote. Sasa ikawezekana kwenda Juni na kurudi Agosti.

Kati ya waanzilishi hao wa zama mpya, sisi tunapenda kumtaja mmoja asiyejulikana sana hapa. James Robinson alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Tennessee aliyekulia katika umaskini, akawa mchungaji wa Kipresbiteri huko Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York. Mwaka 1958 aliongoza wanafunzi wapatao 60, weusi kwa weupe, kwenda Afrika Magharibi. Mpango wake aliuita Operation Crossroads Africa. Vijana hawakuwekwa hotelini. Walikaa vijijini, wakafanya kazi ya mikono pamoja na vijana wa Kiafrika, kujenga madarasa na mengine yaliyohitajiwa na kijiji. Robinson aliwaambia waende kujifunza, wala wasidhani kwamba wanakwenda kuiokoa Afrika. Kumbukeni kwamba mwaka ule, katika majimbo ya kusini mwa Marekani, mweusi na mweupe hawakuruhusiwa kuketi pamoja katika mambo mengi. Kijana mweupe alilazimika kufika kijiji cha Afrika ndipo achanganye saruji pamoja na Mmarekani mwenzake mweusi. Basi nani alimsaidia nani? Serikali ya Rais Kennedy ilipoanzisha Peace Corps mwaka 1961, Kennedy mwenyewe alikiri kwamba Crossroads ilikuwa imetangulia kuonyesha njia.

Lakini kadiri safari zilivyoongezeka, kasoro nazo ziliongezeka. Wiki mbili ni chache. Kijana anafika, siku tatu anaugua tumbo, siku tatu anajifunza salamu, wiki inayobaki anafanya kazi ambayo fundi wa hapa angeifanya kwa siku mbili. Nauli ya ndege ya mtu mmoja inaweza kupita posho ya mwalimu wa kambi kwa miezi mingi. Tena kuna hatari ya kumfundisha mtoto wa hapa kwamba kila chema hushuka kutoka katika kosta yenye wageni, na kwamba baba yake na mwalimu wake si watu wa kutegemewa.

4. HAPA KWETU

Tumeona mambo mawili kambini ambayo yanatosha kwa mfano. Hatutataja majina.

Kikundi kimoja kilikuja mwezi Julai, kikapaka rangi ukuta wa darasa uliokuwa umepakwa rangi na kikundi kingine mwaka uliotangulia. Ndani ya darasa hilo watoto walikuwa wanakaa chini, daftari juu ya magoti. Hakuna aliyetuuliza. Aidha, wanafunzi walitolewa darasani siku tatu ili wajifunze nyimbo za kuwapokea wageni, na siku ya nne wakaimba juani hadi saa saba. Julai ni katikati ya muhula wa pili. Mtihani wa muhula ulikuwa mbele yetu, na wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Siku nne kwa mtoto aliyekwisha kupoteza miaka miwili njiani akikimbia vita si kitu kidogo.

Kikundi kingine kilikuwa na watu wanne tu. Mmoja wao alikuwa fundi mitambo mstaafu. Siku ya kwanza waliketi na kamati, wakauliza ni nini kinachotusumbua. Wakaambiwa kwamba pampu ya maji ya kijiji chetu huharibika mara kwa mara na fundi hutoka mbali. Yule mzee aliomba vijana sita, akaifungua pampu mbele yao, akaifunga, akawaamuru waifungue wenyewe, wakarudia hadi wakaijua. Jioni alikula posho na maharage nyumbani kwa wenyeji wake. Mwaka uliofuata alirudi kuona kama vijana wamesahau. Hawakusahau. Hadi leo pampu ikigoma tunawaita vijana wale, wala hatuandiki barua kwa mtu.

Mahubiri ya vikundi vyote viwili yalikuwa mazuri. Wote walikuwa watu wa sala. Tofauti yao ndiyo ile tuliyoiona Boga kati ya walimu waliongojea kulishwa na mwalimu aliyeshika jembe.

Basi, kutokana na historia hii, sisi walimu tunaleta mapendekezo yafuatayo mbele ya Kamati, mbele ya makanisa na mbele ya wafanyakazi wa mashirika ambao huwaandikia wageni kabla hawajaja:

(a) Kikundi kisipangiwe kazi kabla Kamati ya Jamii haijaulizwa haja ya mwaka huo. Barua moja mwezi Machi yatosha.

(b) Wanafunzi wasitolewe darasani wakati wa masomo kwa ajili ya mapokezi. Nyimbo ziimbwe Jumamosi au Jumapili, na watoto wataimba kwa furaha zaidi.

(c) Picha zisipigwe bila ruhusa ya mwenyewe, au ya mzazi kama ni mtoto. Wako kati yetu ambao wanatafutwa na waliowafukuza. Picha inayokwenda ng'ambo haijulikani itaishia mikononi mwa nani.

(d) Kila mgeni mwenye ufundi aachiwe vijana wa kufundisha. Asiye na ufundi afanye kazi chini ya fundi wetu.

(e) Wageni wale nasi walau mara moja katika nyumba zetu. Msitufiche kwa aibu ya vyombo vyetu, wafanyakazi wa mashirika. Mwenyeji aliyenyimwa nafasi ya kukirimu amenyimwa heshima yake.

(f) Kikundi kinachoweza kurudi kipewe nafasi kabla ya kile kinachokuja mara moja tu.

Mapendekezo haya yana upande wetu pia. Sisi wakimbizi tumejifunza mazoea mabaya. Mgeni akija tunamvalisha mtoto nguo zilizochanika na kuficha ile nzima. Tunaeleza shida tatu kwa vikundi vitatu ili tupate turubai tatu. Mtu akifanya hivyo amemfundisha mgeni kutudharau, kisha analalamika kwamba amedharauliwa. Timu za Gahini zilianza kwa kusema ukweli juu ya nafsi zao. Wenyeji nao wanaweza kuanza hivyo.

Tena utumishi si wa wageni peke yao. Kwaya za kambi yetu hualikwa katika vijiji vya wenyeji wetu wa Uganda. Mwaka jana baada ya mvua kubwa kubomoa barabara, vijana wa makanisa kadhaa, na vijana wa msikiti pamoja nao, walikwenda siku mbili na majembe na makarai kusaidiana na wanakijiji wa jirani kujaza mashimo. Hawakuwa na fulana za rangi moja. Hakuna aliyewapiga picha. Lakini tangu siku ile akina mama zetu wanapokwenda kuokota kuni upande ule, husalimiwa kwa majina. Ndugu zangu, ile ilikuwa safari ya utumishi katika nchi ya kigeni, iliyofanywa na wakimbizi, kwa faida ya wenye nchi. Tunapendekeza ifanywe kila kiangazi, na kikundi chochote cha ng'ambo kitakachokuwapo siku hizo kialikwe kubeba karai pamoja nasi.

Waswahili walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Apolo alipoingia Boga alikuwa mgeni, na yapo yaliyopona kwa sababu yake. Sisi nasi ni wageni katika nchi hii, wengine kwa mwaka mmoja, wengine kwa miaka zaidi ya kumi. Kila mtu na ajiulize, siku tutakapofunga mizigo kurudi kwetu, wenyeji wetu watabaki na nini kutoka mkononi mwetu. Kwa wageni watakaofika mwezi ujao, tunasema karibuni sana. Majembe yapo.

Ni sisi walimu wenu wa shule za msingi za kambi.